Wimbi la wahafidhina duniani na fundisho lake kwa Pemba

TATHMINI YA MWISHO WA WIKI
Pemba, Julai 5, 2025

Juni 30, 2005, Rais George W. Bush wa Marekani, kiongozi kutoka chama cha kihafidhina cha Republican, alitangaza mpango maalumu wa kupambana na malaria barani Afrika. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi tatu za mwanzo kuingizwa katika mpango huo, pamoja na Angola na Uganda. Katika miaka iliyofuata vyandarua vyenye dawa, vipimo vya haraka na kazi ya kupuliza dawa majumbani vilifika katika shehia za Pemba, kuanzia Micheweni hadi Mkoani.

Jumanne ya wiki hii, Julai 1, 2025, yaani miaka ishirini na siku moja baadaye, serikali nyingine ya chama hicho hicho ilihitimisha kazi za Shirika la Misaada ya Maendeleo la Marekani, USAID, ambalo ndilo lililokuwa msimamizi mkuu wa mpango huo. Shirika hilo lilianzishwa mwaka 1961 wakati wa Rais John F. Kennedy. Sehemu ndogo ya kazi zake iliyobaki imehamishiwa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani.

Matukio haya mawili, yaliyotokana na chama kimoja, yanatoa picha ya mambo yanayoendelea duniani kuliko habari nyingine yoyote ya wiki hii. Kwa mwananchi wa Pemba anayefuatilia taarifa za siasa za nje, swali la msingi si nani ameshinda uchaguzi Washington, London au Warsaw. Swali ni nini kinachobadilika katika kituo cha afya, katika soko la karafuu na katika fedha zinazotumwa na ndugu walio ng'ambo, na ni lipi kati ya hayo lililo ndani ya uwezo wa Wazanzibari wenyewe.

Wiki ya maamuzi mjini Washington

Safari ya kufikia uamuzi wa Jumanne ilianza Januari 20 mwaka huu. Siku aliyoapishwa kwa muhula wa pili, Rais Donald Trump alisaini amri ya kusitisha misaada ya maendeleo kwa nchi za nje kwa siku 90 ili ifanyiwe mapitio. Siku hiyo hiyo alitangaza kuiondoa Marekani katika Shirika la Afya Duniani. Machi 10, Waziri wa Mambo ya Nje, Marco Rubio, alitangaza kuwa asilimia 83 ya programu za USAID zimefutwa, idadi inayofikia mikataba ipatayo 5,200.

Katika taarifa yake ya wiki hii, Rubio alieleza kuwa kuanzia sasa Marekani itatanguliza biashara kabla ya misaada na uwekezaji kabla ya ufadhili, na kwamba nchi zitakazopewa kipaumbele ni zile zenye uwezo na nia ya kujisaidia. Msimamo huo unakwenda sambamba na kaulimbiu ya "Marekani Kwanza" iliyokipa chama chake ushindi katika uchaguzi wa Novemba 2024.

Jumatatu, siku moja kabla ya shirika kufungwa, jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha utafiti unaokadiria kuwa kukatwa kwa misaada hiyo kunaweza kusababisha vifo vya ziada zaidi ya milioni 14 duniani ifikapo mwaka 2030, wakiwamo watoto wapatao milioni 4.5 wenye umri wa chini ya miaka mitano. Hayo ni makadirio, na makadirio hutegemea iwapo nchi husika na wafadhili wengine watajaza pengo au wataliacha. Hata hivyo, yanaonesha uzito wa jambo lenyewe.

Siku hiyo hiyo ya Jumatatu, Bush mwenyewe, pamoja na Rais mstaafu Barack Obama wa chama cha Democratic, walituma ujumbe wa kuwaaga watumishi wa USAID. Bush alikumbusha mpango wa kupambana na Ukimwi alioanzisha mwaka 2003, ambao unatajwa kuokoa maisha ya watu milioni 25, na akahoji kama kuishi kwa watu hao si jambo lenye maslahi kwa Marekani. Ni nadra kwa rais mstaafu kuonesha hadharani tofauti na serikali ya chama chake mwenyewe.

Ijumaa, Julai 4, Rais Trump alisaini sheria kubwa ya kodi na matumizi iliyopita katika Seneti kwa kura 51 dhidi ya 50, baada ya Makamu wa Rais J.D. Vance kupiga kura ya kuvunja sare, na katika Baraza la Wawakilishi kwa kura 218 dhidi ya 214. Ndani ya sheria hiyo kimo kifungu kinachowahusu moja kwa moja Watanzania waishio Marekani, na kitaelezwa hapa chini.

Katika ukanda wetu, mji huo huo wa Washington ulishuhudia Juni 27 mawaziri wa mambo ya nje wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Rwanda wakisaini mkataba wa amani mbele ya Rubio. Mkataba huo unafungamanishwa na matarajio ya uwekezaji katika madini ya mashariki mwa Kongo. Kwa hiyo Marekani haijaipa Afrika kisogo. Imebadilisha lugha ya mazungumzo, na lugha hiyo mpya ni ya biashara na maslahi ya pande mbili.

Ulaya nako upepo umegeuka

Barani Ulaya hali inafanana, ingawa haikuchukua sura moja. Nchini Ujerumani, Friedrich Merz wa chama cha kihafidhina cha CDU aliapishwa kuwa Kansela Mei 6, kufuatia uchaguzi wa Februari ambao chama cha mrengo mkali wa kulia, AfD, kilishika nafasi ya pili. Nchini Poland, mgombea wa wahafidhina, Karol Nawrocki, alishinda duru ya pili ya uchaguzi wa rais Juni 1 kwa asilimia 50.89 ya kura. Nchini Uingereza, chama cha Reform UK kilipata viti 677 katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa Mei 1, na kuvitikisa vyama vyote viwili vikongwe.

Upepo huo haukuvuma kila mahali. Nchini Kanada, chama cha Kiliberali kikiongozwa na Mark Carney kilishinda Aprili 28, na nchini Australia, chama cha Labour cha Anthony Albanese kilishinda Mei 3. Katika nchi zote mbili viongozi wa wahafidhina walipoteza hata viti vyao vya ubunge.

Jambo la kuzingatiwa zaidi ni kwamba sera zinazohusishwa na wahafidhina sasa zinatekelezwa hata na vyama visivyo vya kihafidhina. Uingereza ni mfano ulio wazi. Serikali iliyoongozwa na wahafidhina chini ya David Cameron ndiyo iliyofikisha misaada ya nje kwenye asilimia 0.7 ya pato la taifa mwaka 2013, na lengo hilo likawekwa katika sheria mwaka 2015. Serikali nyingine ya wahafidhina, chini ya Boris Johnson, ikaishusha hadi asilimia 0.5 kuanzia mwaka 2021. Kisha, Februari 25 mwaka huu, Waziri Mkuu Keir Starmer wa chama cha Labour akatangaza kuishusha tena hadi asilimia 0.3 ifikapo mwaka 2027, ili kupata fedha za ulinzi. Waziri wake wa maendeleo ya kimataifa, Anneliese Dodds, alijiuzulu kwa sababu hiyo.

Mkutano wa NATO uliofanyika The Hague Juni 24 na 25 uliweka lengo la nchi wanachama kutumia asilimia 5 ya pato la taifa kwa ulinzi na usalama ifikapo mwaka 2035. Fedha hizo zitatoka mahali, na misaada ya nje ndiyo fungu lisilo na mpiga kura wa kulitetea. Wiki hii pia, mataifa yalikutana Seville, Hispania, kujadili namna ya kugharamia maendeleo. Marekani ilijitoa kabla mkutano haujaanza.

Uhafidhina mmoja, sura mbili

Neno "uhafidhina" lina mzizi mmoja na "kuhifadhi". Mhafidhina ni mtu anayetaka kulinda kilichopo: dini, familia, mila, mipaka ya nchi na mamlaka yake. Kwa maana hiyo wakaazi wengi wa Pemba, kisiwa cha watu wenye kushika dini na heshima ya ukoo, wanaweza kusikia hotuba za wahafidhina wa nje na kuziona si ngeni. Mazungumzo ya barazani baada ya sala ya alasiri huthibitisha hilo.

Pamoja na hayo, kufanana kwa maadili hakumaanishi kufanana kwa maslahi. Mhafidhina wa Ohio anahifadhi cha Ohio. Mwaka 2005 wahafidhina wa Marekani, wengi wao wakisukumwa na imani ya dini, waliona kuwa kumwokoa mtoto wa Afrika ni wajibu na pia ni njia ya kulinda jina jema la nchi yao. Mwaka 2025 sehemu kubwa ya wahafidhina hao hao wanaona kuwa fedha ya mlipa kodi wao ina kazi zaidi nyumbani. Kila kundi lilifanya hesabu zake, na katika hesabu zote mbili Pemba haikuwa mpiga kura.

Wala si haki kulibebesha jambo hili kundi moja la siasa. Mfano ulio karibu ni ule wa Shirika la Changamoto za Milenia, MCC, lililoundwa mwaka 2004 wakati wa Bush. Februari 2008, katika ziara yake nchini, Bush na Rais Jakaya Kikwete walisaini mkataba wa dola za Marekani milioni 698, ambao sehemu yake ilijenga barabara za vijijini hapa Pemba. Awamu ya pili, yenye thamani ya dola milioni 472, ilisimamishwa na bodi ya MCC Machi 2016, ikitajwa sababu ya uchaguzi wa marudio wa Zanzibar na Sheria ya Makosa ya Mtandao. Wakati huo rais alikuwa Obama, ambaye si mhafidhina. Mkataba wa barabara ulisainiwa chini ya chama kimoja na awamu iliyofuata ikasitishwa chini ya kingine. Katika hali zote mbili uamuzi ulifanyika nje ya mipaka ya nchi.

Pemba iliwahi kuyaona haya

Historia ya malaria katika visiwa hivi ni kumbukumbu inayostahili kusomwa upya wiki hii. Kuanzia mwaka 1957 Unguja na Pemba zilikuwa katika mpango wa kutokomeza malaria uliosimamiwa kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani. Nyumba zilipulizwa dawa ya DDT na watu wakapimwa damu. Kufikia mwaka 1968 kiwango cha maambukizi kilikuwa kimeshuka chini ya asilimia 5, kutoka hali ambayo watu wengi zaidi ya nusu walikuwa na vimelea. Mwaka huo mpango ulisimama. Malaria ilirudi, na katika miaka iliyofuata ilikuwa tena maradhi makuu ya visiwa hivi.

Katika miaka ya 1980 mradi wa pili ulianzishwa kwa fedha za Marekani kupitia USAID. Nao ulimalizika kabla muongo haujafika mwisho, huku mbu wakiwa wamejenga usugu dhidi ya DDT. Malaria ikarudi mara ya pili.

Jaribio la tatu ndilo linaloendelea. Mwaka 2003 Zanzibar ilibadilisha dawa ya kutibu malaria na kuanza kutumia dawa mseto. Miaka michache baadaye vikafuata vyandarua vyenye dawa na upulizaji wa majumbani, kwa msaada wa Mfuko wa Dunia na mpango wa Rais wa Marekani. Kufikia mwaka 2008 kiwango cha maambukizi kilikuwa kimeshuka hadi karibu asilimia 1, na wodi za watoto zilizokuwa zikijaa kila baada ya masika zikapata nafasi.

Siri ya kudumu kwa mafanikio hayo haiko katika chandarua peke yake. Kuanzia mwaka 2012 Zanzibar imekuwa na utaratibu wa kufuatilia kila mgonjwa. Mtu anapothibitika kuwa na malaria kituoni, taarifa hutumwa kwa simu, na ofisa ufuatiliaji wa wilaya huifikia nyumba yake, huwapima wanakaya wote na kuuliza kama kuna aliyesafiri karibuni. Ni kazi ya pikipiki, mafuta, simu na posho ndogo. Ni kazi isiyopigwa picha, lakini ndiyo inayozuia mgonjwa mmoja kuwa wagonjwa ishirini.

Udhaifu wa hali hii ulionekana mwishoni mwa mwaka 2023 na mwanzoni mwa 2024, pale Zanzibar ilipopata ongezeko kubwa la wagonjwa wa malaria kufuatia mvua nyingi, wakati misaada yote ikiwa bado ipo. Ipo sababu nyingine ya tahadhari: watoto na vijana waliozaliwa baada ya mwaka 2003 wamekua bila kuugua mara kwa mara, hivyo miili yao haina kinga waliyokuwa nayo wazee wao. Malaria ikirudi mara ya tatu, itawakuta watu dhaifu zaidi kuliko mwaka 1968.

Hapo ndipo yalipo maslahi ya kweli ya Pemba katika habari za wiki hii. Katika mara mbili zilizopita maradhi yalirudi wakati kazi iliposimama, na kazi ilisimama wakati aliyekuwa akiigharamia alipoondoka.

Biashara badala ya misaada

Iwapo lugha mpya ya mataifa makubwa ni biashara, Pemba haiingii mazungumzoni mikono mitupu. Tangu kimbunga cha mwaka 1872 kilipoangusha mikarafuu mingi ya Unguja, Pemba ndiyo imekuwa ghala la karafuu la Zanzibar, na msimu mkuu wa mavuno ndio huu unaokaribia. Sera ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ya kumlipa mkulima asilimia 80 ya bei ya soko la nje, kupitia Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC, imempa mkulima sehemu kubwa ya thamani ya zao lake.

Hata hivyo, biashara nayo ina masharti yake. Aprili 2025 bidhaa za Tanzania zinazoingia Marekani ziliwekewa ushuru wa nyongeza wa asilimia 10, kiwango cha chini kilichowekwa kwa nchi nyingi. Mpango wa AGOA, ulioziruhusu nchi za Afrika kuuza bidhaa nyingi Marekani bila ushuru tangu mwaka 2000, ulipangwa kufikia ukomo Septemba 30, 2025, na hadi mwanzoni mwa Julai mwaka huo Bunge la nchi hiyo lilikuwa halijaurefusha. Kwa karafuu athari ya moja kwa moja si kubwa, kwa kuwa masoko yake makuu yako Asia. Fundisho lenyewe ndilo kubwa.

Wazee wa Pemba wanalikumbuka. Kwa miaka mingi Indonesia ilikuwa mnunuzi mkuu wa karafuu za Zanzibar kwa ajili ya sigara zake. Nchi hiyo ikapanda mikarafuu yake yenyewe, ikajitosheleza, na katika miaka ya 1980 bei ikaporomoka. Mikarafuu mingi ya Pemba ikaachwa bila kupaliliwa. Kutegemea mnunuzi mmoja kuna hatari ile ile ya kutegemea mfadhili mmoja. Kwa sababu hiyo kuongeza thamani ya karafuu na mwani hapa hapa kisiwani, na kutafuta masoko zaidi ya mamoja, ni suala la usalama wa uchumi, na kila gunia linalovushwa kwa magendo usiku ni upungufu katika fedha ambazo zingeweza kununua vipimo na dawa.

Ndugu walio ng'ambo

Sheria iliyosainiwa Ijumaa mjini Washington inaweka kodi ya asilimia 1 kwa fedha zinazotumwa nje ya Marekani. Rasimu ya awali ilipendekeza asilimia 5, kisha 3.5. Kodi hiyo ni ya fedha zinazotumwa baada ya Desemba 31, 2025, na inamhusu mtu anayelipa kwa fedha taslimu, hawala ya fedha au hundi ya benki kwa wakala wa kutuma fedha. Fedha zinazotoka moja kwa moja katika akaunti ya benki au zinazolipwa kwa kadi iliyotolewa na benki ya Marekani hazitozwi. Familia za Pemba zenye ndugu huko zinashauriwa kuwafahamisha mapema ili wabadilishe njia ya kutuma.

Kwa upande wa Uingereza, Julai 1 serikali iliwasilisha bungeni mabadiliko ya kanuni za uhamiaji ya kutumika kuanzia Julai 22, 2025. Pamoja na mambo mengine, yanafunga njia ya kuajiri kutoka nje wafanyakazi wa kutunza wazee na wagonjwa majumbani, na yanapandisha kiwango cha elimu kwa waombaji wa viza ya kazi za ujuzi hadi shahada. Vijana wanaoahidiwa na mawakala ajira za aina hiyo wanapaswa kujua kuwa baada ya tarehe hiyo mlango huo hautakuwapo, na wasitoe fedha kwa ahadi isiyotekelezeka.

Hatua za ndani

Serikali zote mbili zimeanza kuchukua hatua. Mwaka mpya wa fedha ulioanza Julai 1 umeikuta Serikali ya Jamhuri ya Muungano ikiwa na bajeti ya shilingi trilioni 56.49. Katika hotuba ya bajeti ya Juni 12, Waziri wa Fedha, Dkt. Mwigulu Nchemba, alipendekeza tozo ambazo mapato yake yataelekezwa katika mapambano dhidi ya Ukimwi na katika bima ya afya kwa wote, kwa kuzingatia kupungua kwa fedha za wafadhili. Tozo haimfurahishi anayeilipa. Lakini mwananchi anayejua inakokwenda ana haki ya kuuliza matumizi yake, haki ambayo hakuwa nayo kwa fedha ya mlipa kodi wa Marekani.

Kwa Zanzibar, Mfuko wa Huduma za Afya ulioanzishwa kwa Sheria Namba 1 ya mwaka 2023 ulianza na watumishi wa umma, na unatarajiwa kuyafikia makundi mengine hatua kwa hatua. Kwa uwekezaji wa utafiti, Pemba ina Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri iliyopo Wawi, Chake Chake, iliyoanzishwa mwaka 2000 kwa ushirikiano na Italia. Maabara hiyo imewapa wataalamu wazalendo uwezo wa kuchunguza kichocho, minyoo na maradhi mengine hapa hapa kisiwani. Ujuzi huo ni aina ya msaada usiofutwa kwa amri, kwa kuwa umeshakaa katika vichwa na mikono ya watu.

Aprili 2001, mjini Abuja, viongozi wa Afrika waliahidi kutenga angalau asilimia 15 ya bajeti zao kwa ajili ya afya. Takriban robo karne baadaye nchi nyingi hazijafika huko. Katika miaka ambayo misaada ilikuwa mingi, ahadi hiyo haikuwa na haraka. Sasa inayo.

Kilicho mikononi mwa mwananchi

Serikali haiwezi kuifanya kazi hii peke yake, na malaria ni mfano mzuri wa sababu yake. Chandarua kilichokwishatolewa kina kazi iwapo kimetundikwa na kinatumika. Kikitandazwa juu ya miche ya mboga au kikifanywa wavu wa dagaa, hakimkingi mtu. Msafiri anayerudi kutoka Tanga au Dar es Salaam na homa anapaswa kupimwa siku hiyo hiyo kabla ya kununua vidonge dukani. Ofisa wa ufuatiliaji anapobisha hodi, kaya nzima inapaswa kukubali kupimwa, hata kama mgonjwa ni mmoja. Masheha wana nafasi ya kuhakikisha madimbwi baada ya mvua yanafukiwa. Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji idhini ya Washington.

Vivyo hivyo kwa risiti inayodaiwa dukani, kwa karafuu inayopelekwa katika kituo halali cha ununuzi na kwa mchango wa bima unaolipwa kwa wakati. Ni mambo madogo kwa mtu mmoja, lakini kwa kisiwa kizima ndiyo yanayoamua kama pikipiki ya ofisa wa wilaya itakuwa na mafuta.

Wiki zijazo zitaleta habari zaidi. Muda wa kusitishwa kwa ushuru mkubwa wa Marekani kwa mataifa kadhaa ulipangwa kwisha Julai 9, 2025, na ule wa AGOA mwisho wa Septemba mwaka huo. Wananchi wataendelea kuarifiwa kadiri mambo yatakavyokwenda.

Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Hawakusema nduguye ni mbaya. Ndugu aliyeleta chandarua mwaka 2005 alitenda wema, na watoto waliookoka leo ni vijana wa skuli za sekondari na vyuo, wengine tayari ni wazazi. Shukurani kwa wema huo inabaki. Kazi ya kuhakikisha watoto wao nao hawafi kwa malaria ni ya Wazanzibari, na msimu wa vuli, ambao mbu huusubiri, uko miezi mitatu mbele.